Kibanda Kimya Kando ya Mpunga

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, ndege wa kwanza alitua mbele ya kibanda changu, karibu kiasi kwamba niliziona kucha zake zilivyolikamata shina la mpunga. Sikumpiga picha. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na nilikuwa nauhamisha polepole ili nisiguse matete. Nilipomaliza, ndege alikuwa bado yupo. Akaja wa pili. Kabla sijashusha pumzi walikuwa wengi, wameyainamisha masuke, wanapokonyana nafasi, wanagombana kwa sauti nyembamba, na mimi nimeketi kwenye kigoda nyuma ya pazia la viroba, nachungulia kwenye tundu.

Ilikuwa Jumamosi, masika yanaelekea ukingoni, huko Igawa, bondeni Usangu. Shamba lilikuwa la shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka jana yake kwenda Iringa, kwao, ambako mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara kanisani siku ya Jumapili. Nilibaki peke yangu na mpunga ambao ndio kwanza ulikuwa umetia maziwa, yaani punje imeanza kujaa lakini ukiibonyeza hutoa maji meupe.

Mimi ni mpiga picha mwenye duka mjini, Mwanjelwa. Kazi yangu ya kila siku ni picha za pasipoti, picha za vyeti, na siku hizi zaidi ni kuchapa picha ambazo watu wamejipiga wenyewe kwa simu. Sikusomea. Kamera ya kwanza niliinunua mitumba, nikaitafsiri karatasi yake ya maelekezo neno kwa neno kwa kamusi, na palipokosekana neno nilijaribu kitufe mpaka nikajua kinafanya nini. Ndege nilianza nao nyumbani, Ilomba, kwa sababu chozi, wale ndege wadogo wa mdomo mrefu uliopinda, walikuwa wanakuja kunyonya maua ya mti ulio nyuma ya jiko letu. Nilitaka kumwona chozi kwa ukaribu ule ninaomwona mteja kwenye kiti, na nikagundua kwamba jambo hilo halihitaji lensi kubwa tu. Linahitaji kutulia, na mimi si mtu wa kutulia. Huwa nafunga duka, nafika njia panda, narudi kuangalia kama nimefunga. Mke wangu husema kwamba mimi nimesimama hata nikiwa nimekaa.

Ndiyo maana nilipenda kibanda. Ndani ya kibanda hakuna pa kwenda. Nilisoma kila nilichokipata juu ya namna ya kukijenga: kikae mahali siku kadhaa kabla hujaingia, ili ndege wakizoee, uingie kabla ya mapambazuko, pazia lisipepee, tundu la lensi liwe dogo, nguo zako zisiwe na rangi ya kung'aa. Cha kwanza nilikijenga nyuma ya nyumba kwa magunia, lakini jirani alinishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba kuna mtu anakaa ndani ya gunia na kuchungulia wanawake wakifua. Nilimwonyesha mwenyekiti picha zote. Aliziangalia moja moja, chozi, chozi, chozi, akasema, "Nakuamini. Lakini kivunje."

Kilichonipeleka Igawa ni mama mmoja wa Iringa mwenye nyumba ya wageni. Alikuwa amepita dukani kwangu kuchapa vipeperushi, akaona chozi wangu ukutani, akataka picha za ndege kwa ajili ya vyumba vyake. Alikuwa na sharti moja.

"Mapokezi nataka yule mwekundu," alisema. "Yule wa mabondeni, anayejivimbisha kama mpira. Nilikuwa namwona nikiwa mdogo. Huyo ukimpata, hao wengine nachukua wote."

Nilimjua aliyemsema. Kitabu changu kinamwita kweche. Watu wa Usangu wengi humwita tu mwekundu. Dume wakati wa kuzaliana huwa na mgongo na shingo za rangi ya kaa la moto, uso na tumbo vyeusi, na akitaka kuonekana hutuna manyoya mpaka anakuwa duara, kisha huruka kwa kuvuma kama nyuki mkubwa. Hukaa kwenye matete na kwenye mpunga. Ningeweza kumpata kirahisi kwenye kiota, lakini kwenye kiota sipigi. Ndege akisumbuliwa hapo huweza kuyaacha makinda, na picha ya namna hiyo ina deni. Basi ilibidi nimkute anapokula.

Shemeji alinipokea vizuri. Yeye ni mjane, anauza chai na vitumbua kando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanaposimama, na kila mwaka analima ekari moja ya mpunga. Mwaka huo ekari ile ilikuwa na kazi moja. Nyuma ya chumba alichopanga, kwenye kiwanja chake, zilisimama kuta za nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bila paa. Juu ya kuta alikuwa ametandika nailoni na kuigandamiza kwa mawe, na nailoni ilikuwa imekwisha kuchanika. Kuta zilikuwa zimepigwa na mvua ya masika mawili. Kona moja ilianza kumomonyoka.

"Mpunga huu ni bati," aliniambia jioni ile ya kwanza, akinionyesha shamba kwa mwiko aliokuwa nao mkononi. "Nikivuna salama, naezeka. Nisipovuna, kuta zinarudi kuwa udongo. Basi, hesabu yake ndiyo hiyo."

Nilimwomba nijenge kibanda pembeni ya mpunga, kwenye tuta la mfereji, ili nishughulike na ndege. Akacheka.

"Mgeni siku mbili, shemeji, ya tatu ashike jembe. Wewe hata siku ya pili hujafika unadai kazi! Jenga. Nani atakuzuia?"

Nilijenga kwa uangalifu wangu wote. Nguzo nne fupi, matete pande zote, viroba vya mbolea nilivyovigeuza ndani nje kwa ajili ya pazia, paa la turubai kuukuu lililofunikwa majani ya mpunga wa mwaka jana. Nilipima kimo ili lensi iwe sawa na jicho la ndege aliyekaa kwenye suke. Shemeji alikuja na uji wa ulezi, akakizunguka kibanda huku ameshika kiuno.

"Kifupi mno hiki. Utaona mpaka kule mwisho kweli?"

"Sihitaji kule mwisho. Nataka waje hapa, karibu."

"Waje hapa?" Alifikiri kidogo. "Haya. Kila fundi na kipimo chake."

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa Usangu analijua na mimi nililijua pia, ila nililijua kama mtu anavyojua bei ya kitu asichonunua. Mpunga ukitia maziwa huamiwa. Kila shamba lina dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na humo hukaa mtu kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, anapiga madebe, anavuta kamba zilizofungwa makopo, anarusha udongo kwa kombeo, anapayuka. Hiyo ndiyo kazi ya kuamia. Mtu akiacha kwa saa chache, ndege wanamaliza. Dungu la shemeji lilikuwa upande wa pili wa shamba, na alikuwa na mama aliyemlipa kwa siku kuja kuamia, mama mwenye sauti ambayo ningeweza kuisikia kutoka barabarani.

Siku ya Ijumaa jioni mama yule aliaga kwamba kesho yake haji. Niliuliza. Shemeji, aliyekuwa anafunga kanga zake za safari kwenye mfuko, alisema, "Nimemwambia apumzike. Wewe si upo?"

Nakumbuka nilivyoguswa. Nilielewa kwamba ameondoa kelele kwa ajili yangu, ili ndege wangu wasikurupushwe. Nilimshukuru mara mbili. Yeye naye, nimekuja kujua baadaye, aliguswa kwamba shemeji wa mjini, mtu wa duka, amekuja kwa hiari yake kumlindia mpunga bila kuombwa, na akaona si ustaarabu kumkagua mtu kama huyo. Katika nchi ile mtu mzima anayekaa ndani ya kibanda cha nyasi kando ya mpunga wenye maziwa ana kazi moja tu duniani. Hakuwa na sababu ya kuuliza. Akapanda basi la Iringa akiwa na amani.

Jumamosi nilipiga picha kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Walikuja mnana wa njano wenye nyuso nyeusi, walikuja wadogo wa kahawia nisiowajua, ilipofika saa tatu walikuja kweche. Majike wa kwanza, kisha dume mmoja, akatua upande mbaya wa jua. Nilimsubiri ageuke. Hakugeuka. Niliinua jicho, nikalirudisha. Jasho lilikuwa linanichirizika ndani ya sikio. Kuna aina ya kuwashwa ambayo haipo kwenye ngozi, ipo kwenye mifupa, na kukaa kimya huiongeza. Nilihesabu betri. Nilijiuliza kama mke wangu amefungua duka. Nilijiuliza kama mama wa nyumba ya wageni atabadili mawazo. Kila ndege aliporuka nilidhani wameondoka wote na kila walipobaki nilidhani wataondoka sasa hivi.

Kutoka mashamba ya jirani kelele hazikukatika. Makopo, filimbi, madebe, na kwenye shamba lililopakana na letu, mjeledi. Huyo alikuwa mzee wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe zamani, na alikuwa anaamia mpunga kwa mjeledi uleule wa kuchungia. Akiupasua hewani, ndege walinyanyuka kutoka kwake kama vumbi, wakazunguka, wakashuka kwangu. Niliona hilo vizuri. Nikaliandika kichwani kama faida.

Karibu na mchana mzee alisimama juu ya dungu lake akaita, kwa "wewe" ya kwao, "Bebe! Wewe wa kwenye kichaka! Umelala?"

Nilitoa mkono nje ya pazia nikampungia.

"Yupo macho!" aliwatangazia wenzake wa mbali. "Yupo macho, jamani, ana mkono!"

Nikasikia wanacheka kutoka dungu hadi dungu. Nilichukulia ni utani wa mtu na mgeni. Nilikuwa nimeshazoea kuchekwa kwa ajili ya ndege.

Usiku sikulala vizuri. Niliona ndege kila nilipofumba macho, na hata hivyo sikuwa na furaha niliyotarajia. Kulikuwa na kitu kimekaa vibaya na sikukijua. Nilidhani ni dume mwekundu ambaye sijampata.

Jumapili nilikuwa ndani ya kibanda kabla ya mwanga. Walikuja mapema zaidi na walikuwa wengi mara mbili. Walikuwa wamekwisha kujifunza. Sikuhitaji kuwasubiri wazoee chochote. Wengine walitua juu ya paa langu na nilisikia miguu yao kwenye turubai. Nilipiga, nikapiga. Mzee wa jirani hakwenda kokote, yeye hana Jumapili wakati wa maziwa, na saa nne aliniita tena.

"Bebe! Mimi nachunga ng'ombe. Wewe unachunga ndege?"

Vicheko tena, ila vichache. Kilichofuata kilinikaa kichwani, kwa sababu sauti yake haikuwa ya utani tena. "Wamenona hao. Utawakamua lini?"

Nina desturi moja ambayo sijaiacha tangu nilipojifunza mwenyewe: kila baada ya muda nasimama, nafungua picha kwenye kioo cha kamera, nalikuza jicho la ndege mpaka lijae, nahakikisha limetoka safi. Jicho likiwa na ukungu, picha hiyo naifuta. Nilifungua ya kwanza. Jicho lilikuwa safi. Chini ya jicho, mdomoni, kulikuwa na weupe. Nilidhani ni mwanga. Nikafungua ya pili: weupe. Ya tatu: weupe umechirizika mpaka kifuani. Nikarudi nyuma kwenye picha za jana, nikakuza, nikakuza, na sasa sikuwa natazama macho yao tena. Kila picha nzuri niliyokuwa nayo ilikuwa picha ya ndege anayekamua punje ya mpunga.

Nilitoka. Ndege waliruka wote kwa mpigo mmoja, na sauti ya mabawa yao ndiyo iliyonionyesha idadi, maana ndani ya kibanda nilikuwa naona kipande tu. Niliingia kwenye jaruba la kwanza, kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, nikashika suke. Lilikuwa jepesi, limesimama wima wakati masuke ya mzee wa jirani yameinama. Niliminya punje, hakuna kitu. Nikashika jingine. Maganda yalikuwa na madoa ya maziwa yaliyokauka. Nilitembea mpaka jaruba la pili nako kukiwa hivyohivyo, na la tatu, upande wa kibanda, nikaanza kukimbia, sijui nikikimbilia wapi.

Nilimpigia shemeji. Ilikuwa baada ya ibada; nyuma yake kulikuwa na kwaya, sahani, watoto.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Mtoto amebarikiwa! Ungeona gauni. Umekula?"

"Nimekula. Shemeji, ndege wamekula mpunga."

"Ndege ndiyo kazi yao. Umewafukuza?"

Nilitazama masuke yaliyosimama wima.

"Haloo? Umewafukuza?"

"Sikuwa nawafukuza."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa kwenye kibanda."

"Kwenye kibanda unafanya nini?"

"Napiga picha."

Nilisikia akitembea, kwaya ikififia, mlango ukifungwa.

"Rudia," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilijenga kibanda cha kujificha, shemeji, ili ndege wasinione, waje karibu, niwapige picha. Nilidhani unajua."

"Nijue nini? Mtu anajificha ndege?" Sauti ilianza kupanda. "Unajificha ya nini, kwani wanakudai? Wanakula bati zangu na wewe umekaa unawapiga picha? Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Ee Mungu wangu. Siku mbili." Kisha akasema kwa utulivu ulionitisha zaidi: "Saa hii wako wapi?"

Nikageuka kuangalia. "Wanarudi."

"Sasa unaongea na mimi ya nini?"

Nilirudi mbio kwenye tuta kutafuta kitu cha kugonga. Vifaa vya mama mwamiaji vilikuwa bado chini ya dungu: madebe mawili na chuma kimoja. Niliviokota na kupita mbele ya kibanda changu, na hapo nilimwona. Dume mwekundu alikuwa ametua kwenye shina moja lililosimama peke yake, mbele ya tundu la lensi, upande mzuri wa jua. Alikuwa anatuna. Shingo kwanza, kisha mgongo, mpaka akawa duara jekundu lenye uso mweusi katikati. Kamera ilikuwa imebaki juu ya stendi yake, imeelekezwa palepale. Ningenyoosha mkono tu, ningebofya. Nyuma yake, jaruba zima lilikuwa linatikisika kwa waliokwisha kutua.

Niligonga debe.

Alisinyaa na kuondoka kabla ya pigo la pili. Nikapayuka. Sauti ilitoka nyembamba, sauti ya mtu anayeita konda, na kutoka upande wa pili mzee wa Kisukuma alipiga kelele, "Hata kuku hamwogopi huyo! Toa tumboni! Tumboni!" Nilitoa tumboni. Niligonga mpaka debe likapinda. Ndege waliinuka, wakazunguka, wakashuka mwisho wa shamba, nikakimbilia huko, wakashuka mwanzoni, nikarudi. Kabla ya machweo mzee alivuka mfereji, akanitazama nilivyolowa matope mpaka kiunoni, akanipa kombeo na akanionyesha mara moja namna ya kuliachia.

Shemeji alifika Jumatatu na basi la kwanza. Hakupita nyumbani. Aliweka mfuko wake juu ya tuta, akaingia shambani na gauni lake la kanisani, akashika masuke kutoka jaruba hadi jaruba kama daktari anayepima wagonjwa waliopangwa. Mimi nilibaki juu ya dungu nagonga, kwa sababu nilijua nikiacha hata ili kumsalimia itakuwa kosa jingine. Aliporudi alisimama chini akaniinulia uso.

"Haya matatu ya upande wako yamekufa. Mengine yana uhai."

"Nitalipa, shemeji."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa picha. Kuna mama Iringa atazinunua."

"Bati za picha zitavuja," alisema. "Kaa hukohuko juu. Huyo mama wa kuamia simwiti tena. Utashuka tukivuna."

Kisha akakiendea kibanda changu, akainama, akachungulia kwenye tundu kwa muda mrefu. Nilimwona mabega yanatikisika na sikujua kama analia. Aliponyanyuka alikuwa anacheka, kwa hasira, lakini anacheka.

"Mtu mzima na ndevu zake," alisema. "Amejificha ndege."

Nilikaa mpaka mavuno. Mke wangu alifungua duka peke yake na kwenye simu hakuniambia mengi, ila alicheka pale nilipomwomba akaangalie tena kama amefunga. Dunguni hakuna kukaa. Unageuka, unavuta kamba, unashuka, unazunguka, unapanda, unasikiliza, unagonga, na ukiketi umekosea. Kila kilichonitesa ndani ya kibanda kilikuwa ndicho kazi yenyewe. Baada ya wiki ya kwanza mikono yangu ilikuwa na malengelenge na jina langu katika mashamba yale lilikuwa Mpiga Picha wa Ndege, linaitwa kwa sauti kubwa kutoka dungu moja hadi jingine kila alfajiri, kuhakikisha niko macho. Niliitika. Kwelea walikuja mara moja, wingu lao lilipita juu yetu likielekea mashamba makubwa, na mzee wa jirani na mimi tuligonga pamoja, bila kuangaliana, mpaka lilipokwisha.

Sikumwona tena dume mwekundu akituna. Au alituna mahali ambapo sikuwepo.

Tulivuna, tukapura, tukapepeta. Nilipanga magunia kwa majaruba, kwa sababu nilitaka kujua na si kukisia. Majaruba matatu ya upande wa kibanda yalilinganishwa na matatu ya ukubwa uleule upande wa dungu. Upungufu ulikuwa magunia manne. Shemeji aliuza, akanunua bati, fundi akaezeka vyumba viwili. Chumba cha mbele kilibaki na mbao tupu, na hicho ndicho alichokuwa anakitaka kwa ajili ya biashara yake, aache kuuza chai chini ya mwavuli.

Picha nilizipeleka Iringa. Mama wa nyumba ya wageni alizipitia mezani mara mbili akimtafuta mwekundu wake. Alichukua chache ndogo za vyumba vya nyuma, na mapokezi akaweka tembo wa kununua dukani. Fedha aliyonipa nilimtumia shemeji kwa simu siku ileile, nikaongeza yangu ikafikia bei ya magunia manne.

Jioni ikarudi, ikiwa imepungua kwa makato.

Nikampigia. "Shemeji, hii ni yako."

"Ulikaa juu kwangu mpaka nikavuna. Tumemalizana."

"Chumba hakijaezekwa."

"Kitaezekwa kwa mpunga. Nimeshasema."

Niliituma tena. Aliirudisha. Mke wangu alijaribu kwa simu yake, akidhani dada yake ataona haya kumkatalia mdogo wake; ikarudi asubuhi na ujumbe kwamba tuache kuwatajirisha wenye mitandao. Tukaacha. Mvua za kwanza zilipoanza Ilomba niliamka, nikakaa kitandani nikisikiliza bati letu, nikijua kwamba huko bondeni maji yanaingia chumba cha mbele. Asubuhi nilifungua duka, nikachukua karatasi, nikafanya hesabu kamili ambayo nilikuwa nimeikwepa. Magunia manne kwa bei aliyouzia, elfu tisini, ni laki tatu na elfu sitini. Nikatoa elfu kumi na mbili, ujira wa siku mbili ambao mama mwamiaji hakulipwa. Nikaongeza makato ya kutuma na kurudishiana, elfu tisa na mia nane. Hasara yote: shilingi laki tatu, elfu hamsini na saba, na mia nane.